Muhuri Unapoondoka Mkononi mwa Msafiri

Mtu aishikaye barabara kuu itokayo Kisumu, akaupita mji wa Kisii na kuteremka kuelekea Rongo, Migori na hatimaye mpaka wa Isebania, hupita Suneka, mji wa soko ulio katika eneo bunge la Bonchari, ambao watu wa mbali huujua kwa ndizi zake na kwa kiwanja chake kidogo cha ndege. Kiwanja hicho hakina afisa wa uhamiaji wala daftari la wageni, kwa kuwa ni cha safari za humu humu nchini; walakini ni taabu kumpata mtu wa Suneka asiye na jamaa aliyevuka mpaka wa nchi. Huyu ana binti ambaye ni muuguzi katika vitongoji vya Minneapolis huko Marekani, hususan Brooklyn Park, ambako Abagusii, yaani watu wa Kisii, wamehamia kwa wingi. Yule ana mwana aliyeajiriwa Doha au Dubai. Na mwengine huvuka mara kwa mara pale Isebania kwenda Tarime, nchini Tanzania, kuuza na kununua.

Watu hawa wote wamefungamana na kitu kimoja kidogo ambacho aghalabu hawakukitia maanani, nacho ni ule muhuri ambao afisa wa uhamiaji huupiga katika pasipoti siku msafiri aingiapo na siku atokapo. Sasa muhuri huo unaondolewa, nchi baada ya nchi, na mahali pake yanawekwa malango ya mitambo yamtambuayo msafiri kwa uso wake na kwa alama za vidole vyake, kisha yakaiandika safari yake katika kumbukumbu asiyoweza kuiona wala kuishika. Kusudi la makala haya ni kueleza namna mitambo hiyo ifanyavyo kazi, na kusema bila ya kuficha kwamba mageuzi haya, pamoja na wepesi wote yanaouleta, yanauondoa ushahidi mkononi mwa msafiri na kuutia mkononi mwa dola. Kwa hiyo msafiri hana budi kujifunza kujiwekea hesabu yake mwenyewe, na dola nayo haina budi kumpa nakala ya yale iliyoyaandika juu yake.

Tuanze na muhuri wenyewe, na tuutazame kwa karibu ule wa nchi za Schengen, ambao wasafiri wetu waliokwenda Ujerumani, Ufaransa au Uholanzi wanao katika pasipoti zao. Ule wa kuingilia una umbo la mstatili, na ule wa kutokea ni mstatili uliozungushwa pembe. Juu yake zimo herufi za nchi zilizozingirwa na nyota. Katikati imo tarehe. Chini limo jina la kituo cha mpakani. Na kando yake mna mshale pamoja na picha ndogo ya ndege, meli, gari la moshi au motokaa, kuonyesha msafiri alifika kwa njia gani. Kwa alama hiyo moja ya wino, afisa aliyeko Lisbon aliweza kujua yaliyoandikwa na mwenziwe wa Frankfurt miezi miwili kabla, pasipo simu wala mtambo wowote, akahesabu kama mgeni amezipita au hajazipita zile siku 90 anazoruhusiwa kukaa katika kila kipindi cha siku 180. Na mgeni naye, maadamu ameibeba pasipoti yake mwenyewe, aliweza kuifanya hesabu hiyo hiyo usiku chumbani kwake, na kama afisa amekosea, angeunyoosha ukurasa na kumwonyesha.

Si kwamba muhuri haukuwa na ila. Wino hufifia, tarehe hufutika isisomeke, kurasa hujaa upesi kwa mtu wa biashara, afisa mwenye haraka hupiga wake juu ya ule wa mwenziwe, na walaghai hawakushindwa kuuiga. Dola zilipoona kwamba wasafiri wamezidi na viwanja vya ndege havitoshi, na kwamba mtu mmoja aweza kuwa na pasipoti mbili au kuitupa ile yenye muhuri wa kumsuta, zilitafuta njia ya kumtambua mtu mwenyewe badala ya kuitambua karatasi yake. Hapo ndipo lango la mtambo lilipozaliwa.

Lango hilo, kwa umbo lake, ni ujia mwembamba wenye vizuizi viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma. Msafiri huufungua ukurasa wenye picha yake na kuulaza juu ya kioo cha skana, na mtambo husoma ile mistari miwili ya herufi na tarakimu iliyo chini ya ukurasa, kila mmoja wenye alama 44, kama ilivyoagizwa na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO. Katika mistari hiyo mtambo hutwaa nambari ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya mwisho wa hati, na kwa mambo hayo matatu huifungua chipu iliyofichwa ndani ya pasipoti, ambayo haikubali kusomwa na mtu asiyeyajua. Ndani ya chipu imo picha ya mwenye hati pamoja na sahihi ya kidijitali ya serikali iliyoitoa, ambayo huthibitisha kwamba hakuna aliyeibadili picha hiyo tangu ilipotiwa. Kisha kamera iliyo mbele ya msafiri hupiga picha ya uso wake, mtambo ukaipima na ile iliyo katika chipu, na papo hapo ukauliza katika orodha za watu wanaotafutwa na hati zilizoibwa. Ikiwa hapana tashwishi, kizuizi cha pili hufunguka na msafiri akapita, na ikiwa ipo, huelekezwa kwa afisa aliyeketi kando.

Mambo haya hayakuja kwa siku moja. Malaysia ilitoa pasipoti zenye chipu mwaka 1998, kabla ya nchi nyingine yoyote. Uholanzi ilianza mwaka 2001 kuwapitisha baadhi ya wasafiri katika kiwanja cha Schiphol kwa kuwasoma mboni za macho. Dubai ikafuata mwaka 2002 kwa kadi maalumu ya lango. Australia na Ureno zikaweka malango ya kusoma nyuso mwaka 2007, na Uingereza ikayajaribu Manchester mwaka 2008. Mwezi Mei 2019 Uingereza iliwafungulia malango yake hata wageni wa nchi 7 za mbali, miongoni mwao Marekani, Japani na Singapore, na mgeni apitaye hapo hapigwi muhuri wowote. Kenya haimo katika orodha hiyo, wala nchi yoyote ya Afrika. Kwa hiyo mtu wa Suneka aendaye London kumtembelea ndugu yake hupanga mstari mrefu mbele ya afisa, ilhali aliyeketi naye ndegeni, mwenye pasipoti ya Marekani, amekwisha kutoka nje na mizigo yake.

Hatua iliyo kubwa kuliko zote ni ile ya nchi 29 za Schengen, ambazo tarehe 12 Oktoba 2025 zilianzisha utaratibu mpya wa kuandikisha kuingia na kutoka kwa wageni wasio raia wa Umoja wa Ulaya, na kuupangia kukamilika tarehe 10 Aprili 2026, muhuri uachwe kabisa. Katika utaratibu huu mgeni hupigwa picha ya uso, na alama za vidole vinne huchukuliwa, isipokuwa watoto walio chini ya miaka 12; na wale waingiao kwa viza, kama tulivyo sisi Wakenya, hawachukuliwi alama upya, maana zilikwisha kuchukuliwa siku walipoomba viza. Kumbukumbu hizo huwekwa kwa miaka 3 baada ya safari ya mwisho, na kwa miaka 5 ikiwa haikuonekana kwamba mgeni ametoka. Mtambo huzihesabu siku 90 wenyewe, na aliyezidisha hujulikana mara moja, hata kama amesahau kwa siku moja.

Huku kwetu, mambo yanakwenda kwa mwendo wa kati. Kenya ilianza kutoa pasipoti yenye chipu mwezi Septemba 2017, nayo ina jina la Jumuiya ya Afrika Mashariki juu ya jalada lake. Na tangu maombi yalipoanza kupokelewa mjini Kisii, watu wa Suneka wameondokewa na safari ya Nairobi au Kisumu kwa ajili ya kutiwa alama za vidole. Kwa upande wa wageni, serikali iliiondoa viza na tangu Januari 2024 kumtaka kila mgeni, ila raia wa Jumuiya na wengine waliosamehewa, aombe idhini ya safari kwa njia ya mtandao kabla hajapanda ndege. Hata hivyo, mgeni afikapo Nairobi, afisa bado humpigia muhuri ukurasani, na muhuri huo ndio msingi wa hesabu ya muda wake wa kukaa.

Jambo hili huzigusa nyumba za Suneka kuliko wengi wadhaniavyo. Wajukuu waliozaliwa Minnesota, ambao huja likizoni na pasipoti za Marekani kuwasalimu nyanya zao, ni wageni mbele ya daftari la uhamiaji, japokuwa Katiba ya mwaka 2010 inawahesabu kuwa raia kwa kuzaliwa maadamu baba au mama yao ni Mkenya. Mzazi ambaye hakutazama tarehe katika muhuri, akadhani kwamba kijana wake aweza kukaa kwa babu hadi apendapo, hujikuta siku ya kurudi akitozwa faini na kuulizwa maswali. Wakati muhuri upo, mtu husoma na kujua. Siku utakapoondoka, atasoma wapi?

Hapo ndipo penye kiini cha maneno yetu. Chukua mfano wa muuguzi wa Brooklyn Park aombaye uraia wa Marekani. Fomu yake, iitwayo N-400, humtaka aeleze kila safari ya nje ya nchi iliyozidi saa 24 katika miaka 5 iliyopita, pamoja na tarehe ya kutoka na ya kurudi, kwa kuwa sheria hutaka awe amekaa Marekani walau miezi 30 katika muda huo. Marekani haina desturi ya kupiga muhuri wa kutokea, na mwenye kibali cha kudumu mara nyingi hurudi pasipo kupigwa hata ule wa kuingilia. Aghalabu ni muhuri wa Nairobi, ule aliopigwa alipokuja kumzika baba yake au kutoa mahari ya ndugu yake, unaomkumbusha kwamba aliingia Kenya siku fulani na kutoka siku fulani. Wino wa nchi yake ya kuzaliwa humsaidia kupata haki katika nchi yake ya kukaa. Ukiondoka wino huo, naye hakujiandikia kitu, atakuwa hana la kutegemea ila kumbukumbu ya mtambo na kumbukumbu ya kichwa chake, na hizi mbili zikihitilafiana, ni dhahiri afisa ataiamini ipi.

Sheria ya Schengen, kwa muda mrefu, imesema kwamba mgeni asiye na muhuri wa kuingilia aweza kudhaniwa kuwa amekaa kupita kiasi, lakini ikampa nafasi ya kuiondoa dhana hiyo kwa ithibati za kuaminika, kama vile tikiti za safari. Ndani ya kanuni hiyo imo hekima kubwa: ya kwamba maandishi ya serikali si neno la mwisho, na kwamba msafiri ana haki ya kuleta ushahidi wake. Lakini haki ya kuleta ushahidi haimfai kitu mtu asiye na ushahidi.

Nchi kadhaa zimeliona hili na kulitafutia dawa. Hong Kong ilipouacha muhuri mwaka 2013, ilimpa kila mgeni kijikaratasi chenye jina lake, tarehe aliyoingia na siku anazoruhusiwa kukaa. Singapore humpelekea mgeni habari hizo kwa barua pepe. Marekani, ilipoiondoa mwaka huo huo wa 2013 ile kadi ya karatasi iitwayo I-94 kwa wafikao kwa ndege, ilifungua mahali katika mtandao ambapo mgeni huingiza nambari ya pasipoti yake na kuona tarehe ya mwisho ya kukaa kwake, na hata safari zake za miaka 10 iliyopita. Njia hizi ni njema, walakini kila moja humlazimu msafiri kujua kwamba ipo; na wengi waendao ughaibuni kutoka vijijini kwetu hawakuambiwa na yeyote.

Fauka ya hayo, mtambo si hakimu asiyekosea. Mwezi Desemba 2019, taasisi ya vipimo ya serikali ya Marekani, NIST, ilitangaza matokeo ya kupima programu 189 za kutambua nyuso, ikaonekana kwamba nyingi kati yake huwachanganya watu wa asili ya Afrika Mashariki na Magharibi, na wale wa Asia ya Mashariki, mara nyingi zaidi kuliko zinavyowachanganya watu wa Ulaya ya Mashariki. Na makosa huzidi kwa wanawake kuliko wanaume. Programu zilizo bora zilikuwa na tofauti ndogo mno, jambo lionyeshalo kwamba ila hii yatibika. Lakini atakayeamua kama itatibiwa ni yule anayenunua mtambo, wala si yule anayesimama mbele yake.

Na vidole navyo vina habari yake. Si mbali na Suneka, huko Tabaka, mafundi wa kuchonga mawe ya sabuni hukaa kutwa wakisugua vinyago kwa msasa na maji hata jiwe likalainika kama kauri, na msasa ule ule unaolainisha jiwe hulainisha pia ncha za vidole. Mchuma majani chai, mwosha vyombo, fundi wa saruji na mkulima wa jembe wanaijua hali hiyo: mistari ya kidole huchakaa, na skana ikakataa mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Mtu huyu si mwongo wala si mhalifu. Kosa lake ni kwamba amefanya kazi. Yafaa afisa aliyeko langoni awe amefundishwa kulijua hilo, asimtazame kwa jicho la shaka mbele ya umati.

Tena watu wetu hawakuanza leo kuandikwa kwa vidole. Sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, iliwalazimisha wanaume Waafrika wa Kenya kubeba kipande, hati iliyotiwa alama za vidole pamoja na habari za kazi na ujira wao, wakaitungika shingoni katika mkebe wa bati kila waendapo. Wazee wetu waliokwenda kufanya kazi katika mashamba ya Wazungu waliuona uzito wake: mwajiri ndiye aliyeandika, nao walibeba maneno yaliyoandikwa juu yao pasipo kuwa na sauti ya kuyajibu. Silinganishi udhalimu ule na lango la kiwanja cha ndege, maana tofauti ni kubwa. Ila nasema kwamba taifa lenye historia hiyo lina haki, na tena lina wajibu, wa kuuliza kila mara: nani anaandika, ameandika nini, na aliyeandikwa aweza kusoma?

Haifai, hata hivyo, kumdanganya msomaji kwamba mambo ya kale yalikuwa bora. Lango la mtambo halina upendeleo wa kumtambua mwenye jina kubwa, halidai chai, halichoki usiku wa manane, na mama mwenye mtoto mgongoni, aliyekwisha kusafiri saa 20, hana sababu ya kuusikitikia mstari wa saa 2. Lakini mitambo nayo hulala. Usiku wa tarehe 7 Mei 2024 malango ya Uingereza yalizimika nchi nzima kwa saa kadhaa, na maelfu ya watu wakakwama Heathrow, Gatwick na kwingineko, wakingojea maafisa wachache wawashughulikie kwa mkono. Na sisi tunakumbuka asubuhi ya tarehe 7 Agosti 2013, moto ulipoliteketeza jumba la wafikao katika kiwanja cha Jomo Kenyatta, pamoja na sehemu ya uhamiaji. Katika siku zilizofuata wasafiri walipokewa katika mahema, na kazi ikaendelea kwa sababu palikuwapo watu waliojua kuifanya pasipo mitambo. Nchi itakayoweka malango na kuwasahau maafisa wake itajuta.

Kwa hiyo rai yangu kwa serikali yetu ni hii: siku Kenya itakapouacha muhuri, kama ilivyo dhahiri kwamba siku hiyo yaja, isiuache mpaka imetayarisha badala yake hati ya kumpa msafiri, iwe kijikaratasi au ujumbe wa simu, yenye tarehe, mahali na siku alizoruhusiwa; na daftari la safari liwekwe wazi kwa mwenyewe, alione bila ya malipo wala kubembeleza. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 imekwisha kumpa kila mtu haki ya kuyaona yaliyoandikwa juu yake na kutaka makosa yasahihishwe. Kilichobaki ni kuitimiza haki hiyo pale langoni, kwa lugha anayoielewa mtu wa Suneka na mtu wa Lamu.

Na wewe msomaji, uwe ni msafiri au una jamaa aliye safarini, usingojee serikali. Nunua daftari dogo, uandike tarehe ya kila kutoka na kila kuingia, nambari ya ndege na jina la kiwanja. Tunza tikiti zako na kadi za kupandia ndege, na uzipige picha kabla wino wake haujafifia. Ukiingia Marekani, tazama I-94 yako katika juma lile lile, na ukiona kosa, dai lisahihishwe mapema. Ukipita Isebania, hakikisha kwamba kibali chako cha kuvukia mpaka kimegongwa muhuri pande zote mbili. Na pasipoti yako ya zamani, iliyojaa mihuri, usiitupe wala usimpe mtoto aichezee: iweke pamoja na hati ya shamba, maana ni shahidi wako, na shahidi mwengine wa namna hiyo hutapewa tena.